Altrasaundi ya vidole kwa wenye skleroderma: maswali nnayoulizwa kila siku

Mie kazi yangu ni kupiga altrasaundi, nipo Unguja lakini kwetu khasa ni Pemba upande wa Wete. Watu wengi wanajua altrasaundi ni ya mimba na mawe ya figo basi, kwa hiyo akija mtu na karatasi imeandikwa "viganja na vidole, mikono yote miwili" hata wa mapokezi anaduwaa, anadhani daktari kakosea. Maswali haya nimeulizwa koridoni, kwenye simu, na mengine kwenye boti nikiwa nimesinzia. Mie si daktari wa kukuandikia dawa, yanayohusu dawa hapa ni yale ya kukufanya uende kumuuliza daktari wako vizuri.

Skleroderma yenyewe ndo ugonjwa gani?

Kinga ya mwili inageuka inaupiga mwili wenyewe. Mishipa midogo ya damu inaharibika, halafu mwili unaanza kumwaga nyuzi za kovu mahala ambapo hapakuwa na kidonda, ngozi inakakamaa kuanzia vidoleni, na kwa wengine mapafu, koo la chakula, moyo na figo navyo vinaguswa. Jina lake limetoka Kigiriki, maana yake ngozi ngumu tu. Unawapata wanawake zaidi kuliko wanaume, mara nyingi kati ya miaka 30 na 50. Hauambukizi, kula naye sahani moja hakuna tabu.

Wengi kabla ya ngozi kukakamaa vidole vilikuwa vinabadilika rangi kwenye baridi, vinakuwa kama chokaa, au kwa ngozi zetu kijivu kama majivu, halafu buluu, halafu damu ikirudi vinawaka na kuchoma. Wengine ngozi inatoka madoa madoa, meupe ndani ya meusi, mtaani wanasema mbalanga, wanapakwa dawa za mbalanga mwaka mzima na huku vidole vinazidi kukaza.

Watu wanasema kapigwa na jini, ndo maana mkono umejikunja.

Hili naulizwa sana na sicheki. Kisomo asomewe, hakuna alokataza, lakini asomewe huku na vipimo vinaendelea, kwa sababu miaka ya mwanzo ndo miaka ambayo ugonjwa unakwenda mbio na dawa inafaa zaidi. Nshaona mtu kaja mwaka wa 4, vidole vishakuwa kama ndoana, hapo hata picha iwe nzuri vipi kunyooka tena ni kazi.

Mikono yangu migumu tu, haijavimba. Altrasaundi ya nini sasa?

Hili ndo swali lenyewe, na jibu lake ndo sababu ya mie kuandika haya yote. Ngozi ya skleroderma inasema uongo.

Mtu wa baridi yabisi ya kawaida, daktari akimbonyeza kwenye kifundo cha kidole anahisi kitu laini kimejaa, kama tende mbivu hivi, anajua hapa pana uvimbe. Mwenye skleroderma ngozi yake imewambwa kama ya ngoma, unabonyeza hulisikii lolote, kilichopo chini kimefichika. Na kinyume chake pia kipo, ugonjwa ukiwa mchanga vidole vyote vinajaa vimekuwa kama soseji, unasema viungo hivyo vimevimba, ukipiga picha viungo havina kitu, kilojaa ni ngozi na nyama ya chini yake.

Sasa mtu anakwambia "siwezi kufumba mkono". Bibi hawezi kuchambua karafuu, zinamponyoka, mwengine alikuwa anashona kofia sindano haishikiki, mwengine ukili umemshinda. Neno ni moja lakini sababu zinaweza kuwa sita: ngozi yenyewe imekaza, au kiungo kinawaka moto ndani, au kano (watu wanaziita mishipa) zimevimba ndani ya ala yake (ule mfuko unaozizunguka), au ala yenyewe imekuwa kovu kano haziteleziki, au chokaa (kalsiamu) imejikusanya chini ya ngozi, au neva imebanwa kwenye kiwiko cha mkono (pale kiganja kinapoungana na mkono, siyo kisugudi). Kila moja njia yake. Ukizitibu zote kwa kidonge kimoja cha maumivu utaumiza tumbo na figo bure.

Mwaka 2010 walitoa hesabu kutoka kwenye daftari kubwa la wagonjwa la Ulaya, wagonjwa 7,286, waliokutwa na viungo vilivyovimba wakipimwa kwa mkono walikuwa 16% tu, na wenye viungo vilojikunja 31%. Halafu mwaka 2012 watafiti wa Ufaransa wakachukua wagonjwa 52, kwa mkono wakaona uvimbe kwa 8, kwa altrasaundi wakaona kwa 24. Mara tatu. Wale watu 16 ambao mkono uliwakosa ndo nnaowawaza mie kila nikiona karatasi ya mtu imeandikwa "hakuna uvimbe".

Si mashine ile ile ya wajawazito?

Mashine yaweza kuwa ile ile, probu (kile tunachokipitisha juu ya ngozi) ndo siyo. Probu ya mimba ni ile ilojipinda, imetengenezwa kuona mbali ndani ya tumbo, ukiiweka kwenye kidole unaona ukungu tu. Ya vidole ni bapa, ya masafa makubwa, kuanzia megahezi 10 na kuendelea, 15 au 18 ndo raha, inaona karibu sana lakini inaona vitu vidogo khasa. Ile inayotumika kwa tezi la shingo na matiti ndo hiyo hiyo. Kwa hiyo ukipiga simu hospitali usiulize "mna altrasaundi?" maana wote watakujibu ndiyo, uliza "mna probu bapa ya viungo, na yupo anayejua kupiga vidole?" Hilo la pili ndo gumu zaidi, nakwambia kweli.

Humo ndani mnaona nini khasa?

Tunapaka jeli nyingi, tunapita juu ya kiwiko cha mkono, vifundo vikubwa vya vidole, vile vya katikati, mgongoni mwa kiganja na tumboni mwake, kwa urefu na kwa upana. Mikono miwili dakika 20 mpaka 40, anayekumalizia kwa dakika 5 hajakutazama.

Kiungo kikiwa na maji yanaonekana meusi, nikibonyeza kidogo yanakimbia. Utando wa ndani ukinenepa nao ni wa giza giza lakini nikibonyeza haukimbii, hapo ndo najua siyo maji matupu. Halafu nawasha Dopla, ile inayoonesha damu inavyotembea, pakitokea vitone vyekundu ndani ya huo utando basi moto unawaka sasa hivi, siyo wa mwaka juzi. Tunaupa alama kutoka 0 mpaka 3.

Kano nzima ukiitazama kwa urefu utasema kamba ya usumba ilosokotwa vizuri, nyuzi nyuzi zimelala pamoja. Ikiwaka inazungukwa na duara jeusi. Lakini skleroderma ina jambo lake jengine ambalo baridi yabisi ya kawaida haina sana, ala ya kano inanenepa lakini siyo nyeusi, ni nyeupe nyeupe, inang'ara, nene, haina damu. Hilo ni kovu. Ukiliona hilo dawa ya kuzima moto haitolifanya kitu kikubwa kwa sababu moto wenyewe hamna, hapo mazoezi na dawa za ugonjwa wenyewe ndo zinategemewa. Mpigaji asiyezoea skleroderma anaipita hii picha anaandika kawaida.

Chokaa ni nukta nyeupe kali na chini yake kivuli cheusi, huwezi kuikosa. Mfupa ulolika unaonekana kama ukingo ulomeguka, na lazima niuone mmeguko huo kwa pande mbili, upande mmoja tu siuandiki. Neva ya kiwiko nayo naipima unene, maana ganzi ya usiku mara nyingi ni yeye.

Kwa nini mwaniambia nije na sweta? Zanzibar hii?

Kwa sababu ya AC. Chumba cha altrasaundi ni cha baridi, mashine zinataka hivyo, na sisi wenyewe tunapenda. Lakini mwenye skleroderma akikaa nusu saa kwenye baridi ile vidole vinafunga mishipa, damu haipiti, nikiwasha Dopla naona giza, naandika "hakuna moto" kumbe moto upo ila damu imekimbia. Wa Pemba ndo zaidi, wamekaa kwenye boti daraja la AC muda mrefu, wanashuka bandarini vidole vimekuwa vya chokaa. Keti nje juani kwanza, unywe chai, mikono ikipata joto ndo uingie. AC tutaizima, usione haya kusema.

Na hapa niseme langu. Mwaka wangu wa mwanzo kazini, wapi sitaji, alikuja mama mmoja mshona kofia, nikampiga, nikamwambia mama huna kitu, ni ngozi tu. Nilikuwa nabonyeza kwa nguvu, naona picha inakuwa safi, sikujua kwamba naikamua damu yote naitoa pembeni. Mwalimu wangu akarudia kesho yake, kamwaga jeli nene kama ubuyu, probu inaelea haigusi hata ngozi, kashusha kasi ya Dopla maana mie niliiacha ilivyosetiwa kwa mishipa mikubwa ya shingo. Kiwiko chote kikawaka nyekundu. Yule mama alinitazama tu hakusema neno. Wenzangu mnaopiga, mkono mwepesi, jeli nyingi, kasi chini.

Inauma? Ina mionzi? Nina mimba.

Haiumi, haina mionzi, ni mawimbi ya sauti tu, na mimba haina shida. Kama una kidonda kwenye ncha ya kidole sema mapema, tutapita pembeni.

Nafunga Ramadhani. Na hina je?

Hakuna kinachoingia tumboni wala sindano, njoo ukiwa umefunga. Jeli ioshe itoke yote kabla ya udhu, inateleza na inashika, na kwa kweli maji ya udhu yapashe moto kidogo asubuhi, msimu wa kipupwe maji ya tangi ni baridi ya kutosha kuvigeuza vidole. Hina na piko kwa altrasaundi haina neno. Ila kuna kipimo chengine cha kuangalia vimishipa vya ukingo wa kucha, kwa hicho kucha ziwe tupu, hina haifutiki kwa siku moja, kwa hiyo uliza kabla ya harusi.

Eksirei nilipiga mwaka jana, haitoshi?

Usiitupe, uje nayo. Eksirei inaona mfupa, inaona chokaa vizuri sana, na inaona ncha za vidole zilolika, hilo inanishinda mie na mashine yangu. Haioni utando wala kano wala damu. Hivi vipimo viwili ni ndugu, siyo wake wenza. MRI (mashine ya picha ya sumaku) inaona utando, kano, na hata ndani ya mfupa, lakini bei yake na foleni yake unaijua.

Damu imeonesha RF ipo. Kwa hiyo ni baridi yabisi, siyo skleroderma?

Siyo lazima. RF (kingamwili inayopimwa kwenye damu kwa ajili ya baridi yabisi) inaweza kuwepo kwa mwenye skleroderma peke yake. Ile ya anti-CCP, kingamwili nyengine ya baridi yabisi, ndo ikiwepo pamoja na viungo vinavyowaka na mfupa ulolika, daktari anaanza kufikiria kwamba magonjwa mawili yamekaa nyumba moja, inatokea kweli. Picha ya altrasaundi inasaidia kumsogeza daktari upande mmoja au mwengine, peke yake haitoi jina la ugonjwa.

Vidole vyangu vishajikunja, mtavipiga vipi?

Kwa subira. Upande wa mgongo wa kidole unapatikana, wa kiganjani ndo kazi, probu haiingii. Wenye bahati wana kile kiprobu kidogo kama gongo la kupigia mpira, kinaingia popote. Sie wengine tunajaza jeli lile pengo au tunauweka mkono ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu na kupiga humo humo majini, picha inatoka nzuri ajabu na mgonjwa anafurahi joto.

Kifundo cha mguu kinakwaruza nikitembea, nasikia kama ngozi kavu inasuguliwa.

Hilo mwambie daktari wiki hii hii, usisubiri miadi. Ule mkwaruzo wa kano unapatikana zaidi kwa wale ambao ugonjwa umesambaa mwilini, na wenye nao wanahitaji kuangaliwa figo, presha na moyo kwa karibu zaidi. Tutapiga picha ndiyo, lakini mkwaruzo ukisikika kwa mkono una uzito wake hata picha ikiwa haina la ajabu.

Picha imetoka safi. Ina maana nadanganya?

Laa, hasha. Maumivu ya viungo kwenye skleroderma ni jambo la kawaida kabisa hata pasipo uvimbe. Picha safi inamwambia daktari asikuongezee dawa ya kuzima moto ambao haupo, atazame ngozi, neva, damu isofika vidoleni, usingizi. Ukiambiwa "huna kitu" kama mie nilivyosema siku ile, uliza: huna kitu kwenye kiungo, au huna kitu kabisa?

Imeonesha moto. Si ninunue prednisoloni tu dukani?

Naomba hapa usome taratibu. Prednisoloni kwa baridi yabisi watu wamezoea kuinunua kama panadoli, inafanya kazi haraka, mtu anaona kapona. Kwenye skleroderma dozi ya miligramu 15 kwa siku na kupanda imehusishwa na figo kuzidiwa ghafla, presha inaruka, kichwa kinauma vibaya, macho yanaona ukungu, pumzi inakuwa fupi, na hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo. Daktari anaweza kukupa kidogo, na akikupa anakufuatilia presha. Aloanza peke yake na kaimeza miezi asiikate ghafla pia, aende aseme ukweli ashushiwe pole pole. Diklofenaki na wenzake nao figo na tumbo hawavipendi.

Dawa ambayo madaktari wanaielekea sana kwa viungo ni methotreksati. Hiyo ni MARA MOJA KWA WIKI, siyo kila siku, kuimeza kila siku kumeua watu. Unapewa na foliki asidi, unapimwa damu na ini, na mwenye mimba au anayetaka kushika mimba haifai kabisa. Wengine wanapewa nyengine kutegemea mapafu na ngozi vipoje. Mashine ya presha ya mkononi nyumbani ni pesa ilotumika vizuri, pima, andika kwenye daftari, nenda nalo.

Mikono nipumzishe au nifanyishe kazi?

Fanyisha. Nyoosha, fumba, tandaza kiganja juu ya meza, mara kadhaa kwa siku, baada ya maji ya uvuguvugu ndo vizuri zaidi. Mtaalamu wa viungo akuoneshe, kiungo kinachowaka hakilazimishwi. Wa mwani maji ya asubuhi ni tatizo pamoja na mikwaruzo ya kamba, kidonda kidogo kwenye ncha ya kidole kisicho na damu ya kutosha kinachukua miezi. Na sigara, na tumbaku ya aina yoyote, inabana mishipa ile ile ilokwisha kubanika.

Nipo Pemba, nifanyeje? Na nirudie kila baada ya muda gani?

Anza hospitali ya Abdulla Mzee pale Mkoani au hospitali yoyote ya wilaya ilo karibu, upewe rufaa, ikibidi uvuke uende hospitali ya Mnazi Mmoja huku Unguja, na wengine wanafika mpaka Muhimbili, Dar es Salaam, kwa daktari wa viungo. Madaktari wa fani hii ni wachache nchi nzima, ndo maana nasema usivuke bahari kabla ya kupiga simu ile ya probu. Kurudia hakuna tarehe moja ya wote, tunarudia dawa ikianza ili kuona moto umeshuka, au kikija kitu kipya.

Siku yenyewe nije na nini?

Eksirei za zamani, majibu ya damu, dawa zako zote kwenye mfuko hata zile za dukani unazoona haya kuzisema, sweta, na soksi za mikono kama unazo. Ripoti ikitoka iwe imetaja kiungo gani, alama ngapi, Dopla ipo au haipo, kano zipoje, siyo mstari mmoja wa "kawaida". Ipige picha kwa simu hapo hapo, karatasi zinapotea. Pete vua nyumbani, na kama haitoki usiivute kwa sabuni ukachubua kidole, njoo nayo tu, tutaizunguka.